Akiba ya Ini: Sukari ya Mgonjwa wa Kisukari Baina ya Mlo na Mlo

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Ini la mwanadamu huufuata usemi huo kila siku, ila wagonjwa wengi wa kisukari hawalitambui jambo hili. Mgonjwa hupima damu alfajiri, akaikuta sukari imepanda, kisha akaamua kuuacha mlo wa jioni. Yeye hudhani kuwa sukari yote hutoka sahanini. Dhana hiyo yaweza kumhatarishia maisha.

Mja anapokula ugali, wali au viazi, wanga husagwa ukawa glukosi, na sehemu yake huhifadhiwa katika ini. Baina ya mlo na mlo, na hasa usiku, ini huitoa akiba hiyo kidogo kidogo ili ubongo usikose nguvu. Kwa mwenye siha, insulini itokayo kwenye kongosho hulizuia ini lisitoe kupita kiasi. Kwa mwenye kisukari, insulini hiyo haipo, haitoshi au haifanyi kazi ipasavyo. Fauka ya hayo, kuanzia yapata saa tisa usiku mwili hutoa homoni kama vile kotisoli, ambazo hulichochea ini zaidi. Ndiyo maana mtu aweza kulala na njaa akaamka sukari iko juu.

Hata hivyo, kushuka kwa sukari ndiko kunakoogofya zaidi. Anayedungwa insulini au kumeza glibenklamidi akilala bila kula, dawa huendelea kufanya kazi ilhali tumbo ni tupu. Pombe huzidisha hatari, kwani hulizuia ini kutoa sukari. Dalili ni jasho, kutetemeka, majinamizi, na maumivu ya kichwa asubuhi.

Je, mgonjwa atajuaje chanzo? Kwa siku kadhaa, na apime kabla ya kulala, saa tisa usiku, na anapoamka. Ikiwa sukari iko juu tangu wakati wa kulala, huenda chanzo ni chajio au upungufu wa dawa. Ikiwa ni ya wastani saa tisa kisha ikapanda, yamkini ni ini na homoni. Ikiwa imeshuka saa tisa, huenda dawa imezidi. Matokeo hayo ayaandike na kumpelekea daktari; asijibadilishie dawa mwenyewe.

Sukari ikishuka chini ya milimoli 4 kwa lita, mgonjwa anywe maji yaliyokorogwa gramu 15 hivi za sukari, yaani vijiko vitatu au vinne vya chai, apime tena baada ya dakika 15, kisha ale. Aliyezimia asitiwe chochote kinywani, bali akimbizwe hospitalini.

Alhasili, usiku ini halilali. Mgonjwa alijuaye hilo hatajiadhibu kwa njaa. Atapima, ataandika, na kuuliza.