Kagua Kamba Kabla ya Kupandisha Zege

Ndugu msikilizaji, juma lililopita nilipita kwenye jengo moja la ghorofa linaloinuka hapa Mpanda mjini. Tangu Katavi iwe mkoa mwaka 2012, majengo ya namna hiyo si kitu kigeni kwetu. Juu, kapi lilining'inia kwenye mrunda. Chini, kijana alivuta ndoo ya zege, na mwenzake alikuwa akikoroga mchanga na sementi chini ya ndoo ile ile.

Nikamwuliza fundi, "Kamba hii mmeikagua lini?" Akacheka. "Ndugu yangu, jana imevuta, na leo itavuta."

Jibu hilo ndilo linaloua watu. Tufanye hesabu. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa kilo 2,400 hivi. Basi ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 48, karibu sawa na mfuko wa sementi. Lakini mrunda unaoshika kapi hubeba zaidi ya hapo: ndoo upande mmoja, na nguvu za mvutaji upande wa pili. Jumla ni karibu kilo 100. Je, mrunda huo haujaliwa na mchwa?

Ukaguzi hauhitaji mtaalamu kutoka mbali kila asubuhi. Pitisha kamba yote mkononi, utafute palipokatika, palipooza kwa mvua au kukakamaa kwa jua. Kama ni waya wa winchi, vaa glavu. Ndoano iliyopanuka mdomo imekwisha zidiwa. Itupwe, isirudishwe kwa nyundo. Kapi lizunguke bila kukwama. Kisha inua mzigo kidogo tu kutoka ardhini, usubiri, utazame. Na mtu yeyote asisimame chini yake.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri jukumu la kumlinda mfanyakazi. Kwa hiyo kibarua anayekataa kamba mbovu asiitwe mvivu.

Nilimwomba fundi yule aipitishe kamba yake mkononi. Alifika katikati, akasimama. Kati ya nyuzi tatu zilizosokotwa, moja ilikuwa imekatika kabisa. Hakucheka tena. Alimwita kijana aliyekuwa chini, akamwambia, "Toka hapo."

Ndugu msikilizaji, kamba mpya ina bei yake dukani. Kijana yule hana.