Istilahi ya Kukoma Hedhi
Istilahi "kukoma hedhi" hutaja mwisho tu: miezi 12 mfululizo bila damu, aghalabu kati ya miaka 45 na 55. Lakini joto la ghafla na jasho la usiku huweza kuanza miaka kadhaa kabla, hedhi ingalipo. Mama wa Tukuyu, mji wa mvua na baridi wilayani Rungwe, akilalamikia joto hilo, ni rahisi kudhaniwa ana malaria, au kuambiwa ni uzee. Na jina "Kliniki ya Mama na Mtoto" lamtambua mwanamke kwa uzazi wake. Aliyemaliza kuzaa aende wapi? Kwa miaka hiyo ya awali twapendekeza "mpito wa hedhi". "Kukatika damu" tumeiacha, kwani hata mimba huikatisha.