DAC ya Bei Nafuu kwa Simu Yako: Ijaribu Kabla ya Kuweka PIN

Umenunua simu mpya, umeweka laini, kila kitu kiko sawa. Jioni unachukua hedfoni zako za waya, zile ulizozizoea miaka yote, unatafuta tundu la kuzichomeka. Halipo. Chini ya simu kuna tundu moja tu, la chaja. Kesho yake uko Luthuli Avenue, Nairobi, na muuzaji anakuonyesha kamba fupi: upande mmoja kichwa cha USB-C, upande wa pili tundu la hedfoni. "Hii ni DAC, mkubwa. Orijino kabisa, biti 32. Lipa kwa till hiyo hapo ukutani."

Simama kidogo. Kazi yetu ni malipo, na tunajua jambo moja: malipo ya simu hukamilika papo hapo. Ukishaweka PIN, pesa imeshatoka kwako na iko kwa muuzaji. Kwa hivyo swali la kama kifaa kinakufaa lijibiwe kabla ya PIN, si baada ya kufika nyumbani. Hapa tunakueleza jinsi ya kulijibu ukiwa bado umesimama dukani.

DAC ni kitu gani?

Wimbo ulio ndani ya simu ni tarakimu tupu. Hedfoni hazielewi tarakimu, zinaelewa umeme unaopanda na kushuka kufuata sauti. DAC ni chipu inayogeuza zile tarakimu kuwa umeme huo. Simu yoyote inayotoa sauti kwa spika yake ina kazi hiyo ndani. iPhone 7 ilipotoka mwaka 2016 bila tundu la hedfoni, na kampuni nyingi zikafuata, wenye hedfoni za waya wakaanza kutegemea DAC ndogo ya nje, iliyofichwa ndani ya kile kichwa cha kamba.

Kama unatumia hedfoni za Bluetooth, zina DAC yake ndani. Hauhitaji kununua nyingine.

Je, hiyo ni DAC kweli?

Hapa ndipo wengi hupoteza pesa. Kuna kamba mbili zinazofanana kabisa kwa macho. Moja ina chipu. Nyingine ni nyaya tu, inategemea simu itoe sauti iliyokwisha kugeuzwa kupitia USB-C. Baadhi ya simu hufanya hivyo, nyingine hazifanyi. Google Pixel za sasa na iPhone 15, kwa mfano, zinahitaji kamba yenye chipu. Ukichomeka ile ya nyaya tupu, muziki utaendelea kulia kwa spika ya simu kana kwamba hujachomeka kitu.

Kuna njia rahisi ya kujua. Ichomeke kwenye kompyuta yenye USB-C. Kama ina chipu, kompyuta itaitambua kama kifaa kipya cha sauti. Kama ni nyaya tupu, hakuna kitakachoonekana. Maduka mengi yana laptopu mezani, omba tu.

Ina nguvu ya kutosha hedfoni zako?

Hedfoni hupimwa kwa ohm. Zile ndogo za masikioni mara nyingi ni ohm 16 hadi 32. Zile kubwa za studio zinaweza kufika ohm 300. DAC inayotoa volti 1 hupeleka takriban miliwati 31 kwenye hedfoni za ohm 32, ila kwenye za ohm 300 inapeleka miliwati 3 tu. Kamba ni ileile, ila mmoja anapata sauti ya kutosha na mwingine analalamika kuwa ameibiwa.

Hata simu yenyewe huleta tofauti. Chukua adapta ya USB-C ya Apple, ambayo Marekani imeuzwa kwa dola 9 na inasifiwa kwa usafi wa sauti. Toleo la Marekani hutoa karibu volti 1, lile la Ulaya karibu nusu yake. Na ukiichomeka kwenye simu nyingi za Android, sauti huwa ndogo, kwa sababu simu haipandishi kiwango cha sauti kilicho ndani ya adapta hadi mwisho. Kwa hivyo sifa alizotoa rafiki yako mwenye iPhone si ushahidi kwa simu yako.

Namba kubwa kwenye boksi

"Biti 32, kHz 384." Zinavutia, lakini zisikuongezee bei. CD za muziki tangu miaka ya 1980 hutumia biti 16 na kHz 44.1, na hicho kinatosha kubeba sauti zote hadi karibu kHz 22. Sikio la binadamu, tena la kijana, huishia karibu kHz 20, na umri ukisonga hupungua.

Tena, DAC haiwezi kurudisha kilichokwisha kupotea. Kama umeweka programu ya muziki kwenye ubora wa chini ili bando isiishe, badilisha kwanza mpangilio huo, au pakua nyimzo ukiwa kwenye WiFi. Hilo halina gharama ya kifaa.

Majaribio ya dakika tano

Nenda na simu yako na hedfoni zako mwenyewe, si za muuzaji. Kisha fanya hivi:

1. Cheza wimbo unaoujua vizuri. Sauti itoke pande zote mbili, kushoto na kulia.
2. Simamisha wimbo kisha uanze tena, halafu sikiliza sehemu tulivu. Ukisikia mvumo au mkwaruzo unaoendelea, iache.
3. Tikisa kamba taratibu pale inapoingia kwenye kichwa. Sauti ikikatika leo, mwezi ujao itakufa.
4. Piga simu, umwombe mtu akusikilize. Kamba nyingine hupitisha muziki vizuri lakini maikrofoni haifanyi kazi.
5. Kama haitambuliki kabisa, tafuta OTG kwenye mipangilio ya simu. Simu nyingine huizima zenyewe, na kosa si la kamba.
6. Uliza kama unaweza kuchaji simu huku unasikiliza. Zenye tundu moja haziwezi.

Jihadhari na ujanja mmoja, hata kama muuzaji hana nia mbaya. Akikulinganishia DAC mbili, ile yenye sauti ya juu zaidi karibu kila mara itaonekana bora. Ndivyo masikio yetu yalivyo. Punguza ile kubwa mpaka zilingane, ndipo uamue. Ukikosa kusikia tofauti, chukua ya bei ya chini, ilimradi imepita majaribio hayo sita.

Sasa lipa, lakini kwa utaratibu

Ikipita yote, fungua simu ulipe. Soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuweka PIN, lifanane na la duka. Ukiambiwa, "Till ina shida leo, tuma tu kwa namba yangu," uliza kwa nini, na ukisita, ondoka. Malipo ya till yanabaki na jina la biashara. Pesa uliyotumia mtu binafsi ni vigumu kuidai kama malipo ya bidhaa.

Ukiagiza mtandaoni, omba kulipa baada ya kupokea, na ujaribu mbele ya mtu wa boda aliyekuletea. Uliza muda wa kurudisha bidhaa na uupate kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp. Tunza ujumbe wa malipo pamoja na risiti.

Na tuseme wazi: huduma ya kurudisha muamala ipo kwa pesa iliyotumwa kimakosa. Haikuwekwa kwa ajili ya bidhaa iliyokukatisha tamaa. Hapo utarudi kwa muuzaji, na Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka 2012 inamtaka auze bidhaa yenye ubora unaofaa. Ile risiti na ule ujumbe ndio ushahidi wako.

Kama hedfoni zako bado ni nzima, DAC ndogo nzuri itazipa maisha mapya kwa bei ya chini kuliko kununua nyingine. Nenda nazo dukani, zisikilize, kisha ndipo uweke PIN.