Jinsi Saratani ya Ini Inavyosambaa

Seli za ini hupashana habari kwa protini. Seli moja hutoa protini, protini hiyo hunasa kwenye kipokezi kilicho juu ya utando wa seli nyingine, kisha habari hupokezanwa ndani kwa ndani mpaka kwenye kiini, ambako jeni huwashwa au huzimwa. Ndivyo ini linavyojitibu. Mwaka 1931, Higgins na Anderson walionyesha kwamba panya aliyekatwa thuluthi mbili za ini hulirudisha kwa muda mfupi, na likishatimia, amri ya kukua hukoma. Katika saratani amri hizohizo hutolewa bila kikomo.

Afrika Mashariki, vichocheo vikubwa ni virusi vya homa ya ini aina B na sumukuvu, sumu ya kuvu inayoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Wakazi wa Mbaha na vijiji vingine vya mkoa wa Ruvuma vilivyo ufukweni mwa Ziwa Nyasa hutegemea sana muhogo na samaki, lakini mkoa wao ni wa mahindi, hivyo suala la ghala linawahusu nao. Sumukuvu huharibu jeni ya p53, inayozuia seli mbovu kugawanyika, mara nyingi mahali palepale: kodoni ya 249. Virusi, kwa upande wao, huingiza vipande vya jeni zao kwenye jeni za ini, na protini yao iitwayo HBx huchochea njia za ukuaji. Mtu akiwa na vyote viwili, hatari huongezeka mara nyingi.

Uvimbe peke yake haujawa msambao. Seli za ini hushikana kwa protini iitwayo E-kadherini, kama matofali yaliyounganishwa kwa saruji, na ili seli iondoke lazima kwanza iachane na jirani zake. Hapa ndipo ishara ya TGF-beta inapostaajabisha. Mwanzoni huzuia seli kugawanyika. Ugonjwa ukikomaa, ishara ileile huamuru E-kadherini ipunguzwe, na seli hurefuka na kuanza kutambaa. Huamuru pia seli za pembeni zitengeneze makovu, ndiyo maana saratani hii hupenda ini lililokwisha kukakamaa. Ishara nyingine, HGF, hutolewa na seli jirani na kunaswa na kipokezi cha MET. Nayo huhimiza seli kutembea na kupenya. VEGF huita mishipa mipya ya damu, ambayo huulisha uvimbe na kuufungulia njia ya kutokea.

Kutoka hapo seli huingia kwenye mshipa unaoleta damu kutoka utumbo na kuotesha vivimbe vingine ndani ya ini lenyewe, au hufuata damu hadi moyoni na kukwama kwenye mapafu. Mifupa na tezi za limfu hufuata.

Dawa zimelenga njia hizo. Sorafenibu, iliyoidhinishwa kwa saratani ya ini mwaka 2007, huziba vipokezi vya VEGF na ishara nyingine za ukuaji. Katika jaribio lake kuu, wastani wa kuishi ulipanda kutoka miezi 7.9 hadi 10.7. Faida hiyo ni ndogo mno kwa familia inayomsafirisha mgonjwa kutoka ziwani hadi Dar es Salaam. Nafasi kubwa iko kabla ishara hazijaanza: chanjo ya homa ya ini B, ambayo Tanzania iliwaanzishia watoto wachanga mwaka 2002, mahindi kukaushwa hadi unyevu wa asilimia 13 kabla ya kuhifadhiwa, na kwa watu wazima waliozaliwa kabla ya chanjo, kipimo cha damu, kwa kuwa dawa ya tenofoviri hupunguza virusi na pamoja navyo uwezekano wa saratani.