Neno «Save» la Kiingereza, na Maneno Yanayolipokea Pwani ya Tanganyika

Katika maneno ya Kiingereza yanayotumika kila siku ni machache yanayomsumbua mfasiri kama neno fupi hili, save. Mwanafunzi wa madarasa ya chini hufundishwa kwamba maana yake ni okoa, naye huridhika. Baadaye hulikuta katika habari za fedha, za kazi, za mchezo wa mpira, za dua kwa mfalme na za roho ya mtu, akaweka okoa mahali pote, na Kiswahili chake kikawa kigumu kueleweka hata na mama yake.

Sababu yake ni hii. Neno la Kiingereza hutazama mwisho wa jambo tu: kitu kilikuwa karibu kupotea, nacho hakikupotea. Kiswahili hutaka kujua zaidi, yaani kitu kile kilitolewa wapi, kwa njia gani, na kwa gharama gani. Kilicho motoni huepuliwa. Kilicho majini huopolewa. Kilichowekwa rehani hukombolewa. Aliye mgonjwa huponywa. Aliye hatarini huokolewa. Kamusi huyapanga maneno haya katika mstari mmoja kana kwamba ni ndugu pacha, walakini hayabadilishani nafasi. Na katika nchi ya Kigoma na Ujiji, ambako maji, deni na utumwa vimeingia katika maisha ya watu kwa muda mrefu, mfasiri akikosea neno moja hujulikana upesi.

Tuanze na maji. Meli iliyoitwa kwanza Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kigoma, ikashushwa majini 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 isiingie mikononi mwa adui, baada ya kuipaka mitambo yake mafuta mazito. Waingereza waliiopoa 1924, nayo ikaanza safari tena 1927 kwa jina la Liemba. Twasema waliiopoa, wala hatusemi waliiokoa, kwa maana ilikuwa imekwisha kuzama. Mwaka 2015 meli hiyohiyo iliwachukua wakimbizi wa Burundi kutoka ufuko wa Kagunga kuwaleta Kigoma. Hapo neno okoa lafaa kabisa, kwani watu wale walikuwa hai, na hatari ilikuwa nyuma yao na mbele yao.

Tofauti hii si ya wataalamu wa lugha peke yao. Mtumbwi ukipinduka, na mwalimu akaombwa kuwasomea jamaa habari iliyoandikwa kwa Kiingereza, neno atakalolichagua lina uzito mkubwa. Akisema «wameokolewa watano», watu watashukuru. Akisema «wameopolewa watano», walio wengi watafahamu kwamba ni maiti, nao wataanza kulia, kwa kuwa katika habari za ajali za majini kuopoa kumezoelekea miili zaidi kuliko walio hai. Neno hilo si kosa katika kamusi, ila ni kosa kubwa mlangoni pa mtu anayengoja habari za mwanawe.

Katika mambo ya mali, save haina uhusiano wowote na kuokoa. Hapa tuna akiba, nayo yatosha; lakini wavuvi wana haja ya maneno mengi zaidi. Dagaa huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, na mwezi ukiwa mpevu kazi husimama, kwa kuwa nuru ya mwezi huwatawanya dagaa wasikusanyike penye taa. Basi mapato ya siku za giza hayana budi kuwalisha watu siku za mbalamwezi. Mwenye kuweka kidogo kidogo, leo shilingi na kesho shilingi, hudunduliza. Mwenye kuacha kitu kijikusanye bila kukigusa, kama mtu angojeavyo maji yajae katika kisima kidogo, hulimbika. Aliyekula akaacha sehemu ya kesho amebakiza, na asiyetumia ovyo amebana matumizi. Kiingereza huwaita wote wanne kwa tendo moja. Usemi wa «kuokoa fedha» tunausikia siku hizi hata kwa watu wa elimu, nasi hatuupendi, isipokuwa fedha zenyewe zilikuwa katika nyumba iliyoshika moto. Kadhalika chombo kinachofupisha kazi hakiokoi kazi, bali huipunguza, au humwondolea mtu taabu.

Wimbo wa taifa la Waingereza humwombea mfalme kwa neno hilihili. Mfasiri akiweka okoa, msikilizaji atauliza mfalme amepatwa na nini. Maana iliyokusudiwa ni amlinde, amhifadhi. Na neno hifadhi limepata kazi nyingi katika nchi yetu: Gombe ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968, na Mahale 1985, na mwenye kuandika kwa kompyuta huhifadhi maandishi yake yasipotee. Mlinda mlango katika mpira, yeye huokoa, na hapo hatuna neno la kupinga, maana hatari imefika kweli.

Jambo moja la kuonya. Kusalimisha kwa asili ni kufikisha salama, nalo limo katika kamusi miongoni mwa maneno ya save. Lakini kujisalimisha, kwa masikio ya watu wote, ni kuweka silaha chini na kujitia mkononi mwa adui. Mwanafunzi akitaka kueleza kwamba askari alijiokoa, akaandika «alijisalimisha», amemgeuza shujaa kuwa mateka.

Sasa twaja kwenye maneno ya dini, ambako mzigo ni mzito zaidi. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Bwana wetu anamwambia mwanamke mwenye dhambi, Luka 7:50, na kipofu wa Yeriko, Luka 18:42, kwa neno lilelile save, na Kiyunani nacho kina neno moja mahali pote pawili. Wafasiri wa Union Version ya Kiswahili, iliyotoka 1952, walilitenga: kwa mwanamke waliandika okoa, kwa kipofu ponya. Walifuata tabia ya lugha, nao wamefanya vema, lakini kuna kitu kilichopotea, yaani ule umoja wa afya ya mwili na afya ya roho. Walimu wanaofundisha karibu na mpaka wa Burundi wana msaada hapa. Kirundi, kilicho ndugu wa karibu wa Kiha, humwita Mwokozi Umukiza, na tendo lake, gukiza, ni kuponya na kuokoa pamoja. Wanafunzi wanaojua lugha hiyo wataelewa mistari yote miwili kwa neno moja kabla mwalimu hajafungua kinywa.

Lakini neno linalotaka uangalifu kuliko yote ni komboa. Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858 waliukuta mji wa biashara ambako watu na pembe za ndovu viliuzwa pamoja. Mahali kama hapo kukomboa hakukuwa fumbo wala mfano. Kulikuwa na mwenye kushika, na aliyeshikwa, na mwenye kulipa, na bei iliyojulikana. Mapadre Weupe, waliofika Ujiji Januari 1879, walitoa nguo na bidhaa kuwakomboa watoto, wakawakusanya katika vituo vyao vya ziwani, Kibanga, Mpala na Karema. Adrian Atiman, aliyetekwa utotoni katika nchi ya Timbuktu, akakombolewa na mapadre haohao upande wa Sahara, akasomeshwa uganga Malta, alifika Karema 1889 akawatibu watu huko hata kufa kwake 1956. Huyu aliposikia neno Mkombozi hakuwa na haja ya kufafanuliwa.

Hata hivyo neno lilibeba maswali yake. Swali la kwanza: bei ililipwa kwa nani? Sokoni jibu lilikuwa wazi, alilipwa bwana wa mtumwa. Katika mafundisho je? Gregorio wa Nyssa, katika karne ya nne, alisema ilitolewa kwa Shetani. Anselm wa Canterbury aliipinga fikira hiyo katika kitabu alichokimaliza 1098, akisema Shetani hakuwa na haki ya kulipwa. Mzee wa Ujiji aliyeuliza swali hilo katika darasa la katekisimu hakuwa mkaidi, basi, bali aliuliza jambo ambalo walimu wakuu wa Kanisa walishindania. Swali la pili: aliyekombolewa ni wa nani sasa? Watoto wale walikaa chini ya amri ya misheni iliyowalipia, na wapo waliosema kwamba fedha ya kukomboa nayo iliwanenepesha wauzaji. Hapo komboa hutofautiana na kumwacha mtu huru, ambalo ni tendo la bwana mwenyewe, bila malipo. Swali la tatu ni gumu zaidi. Tunafundisha kwamba mtu hawezi kujikomboa. Walakini amri ya Wajerumani ya mwaka 1901 ilimruhusu mtumwa kujikomboa kwa kulipa, na kabla utumwa haujafutwa kabisa katika Tanganyika mwaka 1922, wapo waliofanya hivyo kwa jasho lao. Mwalimu aliyeyasema maneno yale mbele yao bila maelezo alikanusha jambo walilolijua.

Yaonekana wafasiri waliihisi taabu hii. Katika Marko 10:45 walichukua neno fidia, na katika Ayubu 19:25, ambako Kiingereza kina mkombozi, waliandika Mteteaji, kwa kuwa katika Kiebrania yule ni jamaa anayesimama kudai haki ya ndugu yake, wala si mnunuzi.

Katika siku za karibu neno limehama tena. Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika iliwekwa Dar es Salaam 1963, na tangu hapo ukombozi ni kupigana, si kulipa. Kijana wa leo akiimba juu ya Mkombozi huenda akamwona mwenye bunduki, mahali ambapo babu yake alimwona mtu mwenye mafurushi ya nguo. Kwa sababu hiyo twaona yafaa mwalimu aeleze rehani kwanza: jembe lililowekwa kwa mkopeshaji, na siku ya kulirudisha nyumbani. Hilo bado lajulikana Ujiji.

Limebaki save lisilo tendo, kama katika «wote save mmoja». Hilo ni ila, au isipokuwa, wala halimwokoi mtu yeyote.