Gunia la Kitale na Gorogoro ya Bungoma: Bei Huzaliwa Wapi?

Wazee wetu wa pwani walinena: ukiona vyaelea, vimeundwa. Msemo huu ulihusu vyombo vya baharini, lakini wafaa pia kwa sima iliyo sahanini. Nyuma yake pana mkulima wa Trans Nzoia, nchi ya mahindi ambayo mji wake ni Kitale. Je, ni nani aamuaye thamani ya gunia lake?

Mkulima atajibu kuwa ni jasho lake: mbegu, mbolea, palizi na mavuno. Lakini sokoni hakuna anayeuliza habari za jasho. Mwezi wa Novemba, kila shamba limevunwa na magunia yamejaa kote, hivyo bei huanguka. Na karo ya Januari haingoji. Ifikapo Mei, ghala zi tupu, na mahindi yale yale huwa ghali. Punje haikubadilika, kilichobadilika ni wakati, na shida ya muuzaji.

Tena kuna unyevu. Halmashauri ya Taifa ya Nafaka na Mazao haipokei mahindi yenye unyevu uzidio asilimia 13.5. Mvua ikinyesha wakati wa mavuno, asiye na pa kukaushia humuuzia dalali aliyemfuata shambani, kwa bei ya dalali.

Kwa miaka mingi serikali ndiyo iliyopanga bei, na kusafirisha mahindi kutoka wilaya hadi wilaya kulihitaji kibali. Vikwazo hivyo viliondolewa mwishoni mwa mwaka 1993. Hata hivyo, serikali bado hutangaza bei yake ya kununulia. Mwaka 2023 ilikuwa shilingi 4,000 kwa gunia la kilo 90. Bei hiyo ilimfaa mwenye nafaka kavu na gari la kuifikisha ghalani.

KIPIMO

Tukiteremka Bungoma, karibu na mpaka wa Uganda, mizani hutoweka. Katika masoko kama Chwele, mnunuzi mdogo hupimiwa kwa gorogoro, mkebe wa kilo 2. Gunia moja latosha gorogoro 45. Lakini kitako cha mkebe kikibonyezwa kuingia ndani, ukapungua robo kilo tu, gunia lile lile hutoa gorogoro 51. Bei iliyotajwa ni ile ile, ila mnunuzi ameibiwa mbele ya macho yake. Sisi tuijuao pishi ya Zaka ya Fitri twafahamu uzito wa jambo hili, na Sura ya Mutaffifin imewaonya vikali wapunjao vipimo.

MAFUNZO YA MADINA

Bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume (S.A.W.) awapangie bei. Alikataa, akasema kuwa Mwenyezi Mungu ndiye azipangaye, naye hataki kukutana na Mola wake huku mtu akimdai dhuluma. Lakini hakuliacha soko hivi hivi. Alikataza watu kuilaki misafara njiani na kununua kwa bei ya chini kabla wenye mali hawajafika sokoni kujua bei. Alikataza pia kuhodhi chakula ili kiadimike. Karne nyingi baadaye, mwanachuoni Ibn Taymiyya alieleza kuwa bei ikipanda kwa sababu bidhaa ni chache au watu ni wengi, hiyo si dhuluma. Ikipandishwa kwa hila za wafanyabiashara, mtawala ana haki ya kuingilia.

Pima basi soko la Kitale kwa kipimo hicho. Dalali anayemlaki mkulima shambani hakosi kwa kununua. Hukosa akimficha bei ya mjini. Tajiri anayeweka nafaka ghalani hakosi kwa kuweka akiba. Hukosa akingojea njaa ya watu.

Wingi na uchache ni amri ya Mungu, na jasho ni la mkulima. Lakini mkebe uliobonyezwa ni kazi ya mkono wa mtu, na mkono huo utaulizwa.