Nchi Jirani: Silaha Kuukuu na Alama Zake

Msafiri afikaye Fort Jesus, mjini Mombasa, katika nchi jirani ya Kenya, huiona mizinga miwili ya manowari iliyotumika katika Vita Kuu ya Kwanza. Kwa mtu asiye na mazoea, mizinga hiyo ni ya namna moja: chuma kirefu, kizito, kilichopakwa rangi. Kumbe mmoja ni wa Wajerumani na wa pili ni wa Waingereza, na manowari zilizoibeba zilipigana zenyewe kwa zenyewe.

Tarehe 20 Septemba 1914, Königsberg, ambayo watu wa pwani waliiita manowari ya bomba tatu kwa ajili ya mabomba yake ya moshi, iliishambulia Pegasus ya Waingereza iliyokuwa imetia nanga Unguja kwa matengenezo, ikaizamisha. Königsberg ikajificha katika delta ya Rufiji, nayo ikaangamizwa humo tarehe 11 Julai 1915. Lakini mizinga haikufa pamoja na meli. Wajerumani waliiopoa yote 10, wakaipeleka Dar es Salaam kutengenezwa. Baadhi ikatiwa magurudumu ikakokotwa bara. Mmoja ukafungwa juu ya meli Götzen katika Ziwa Tanganyika, meli ile ile tuliyoizoea baadaye kwa jina la Liemba. Waingereza nao waliitoa mizinga ya Pegasus, wakaitumia vitani nchi kavu. Katika ile 10 ya Königsberg, mitatu ndiyo iliyosalia na kujulikana: huo wa Mombasa, mwingine wa Jinja nchini Uganda, na wa tatu wa Pretoria, Afrika ya Kusini.

Basi mtu atautambuaje wa Mjerumani na wa Mwingereza? Kipimo cha kwanza ni kipenyo cha tundu la mtutu. Mzinga wa Königsberg una milimita 105. Ule wa Pegasus una inchi 4, yaani milimita 101.6. Tofauti hiyo jicho haliioni, bali kipimo huiona, mradi mpimaji apime mahali kadhaa, maana kutu hula chuma upande mmoja zaidi ya mwingine. Kipimo cha pili ni kifungio cha nyuma. Wajerumani walitumia bonge la chuma liendalo kando kama komeo la mlango. Waingereza walitumia kizibo chenye hesi, kinachozungushwa ndipo kivutwe. Na ushahidi ulio bora kuliko yote ni muhuri wa kiwanda: jina, mwaka na namba, vilivyogongwa ndani ya chuma chenyewe. Rangi ni ya juzi. Magurudumu yaliongezwa. Hata kibao cha maelezo huandikwa na mtu aliyesimuliwa na mwenzake.

Hata hivyo, muhuri hueleza silaha ilikozaliwa tu, haulezi ilikopita. Hapa ndipo wakusanyaji wengi wanapopotea. Askari wengi wa jeshi la Wajerumani walianza vita na bunduki za mtindo wa 1871, zilizopiga risasi moja moja na kutoa moshi uliomfichua mpigaji. Huko Tanga, Novemba 1914, waliteka bunduki 455, bombomu 16 na risasi 600,000. Mwaka 1917, huko Ngomano katika Msumbiji, waliteka tena silaha za Wareno. Na jeshi hilo lilipoweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, ambako leo ni Mbala, nchini Zambia, lilikabidhi mzinga mmoja wa Kireno, bombomu 37, na katika hizo 7 tu zilikuwa za Kijerumani, pamoja na bunduki 1,071 za Kiingereza na Kireno. Aokotaye bunduki ya Kiingereza msituni, akatangaza kwamba hapo ndipo walipokaa Waingereza, hana ushahidi wowote. Ushahidi ungetoka mahali ilipolala: kina chake, maganda ya risasi yaliyokuwa kando yake, na namba zilizo katika vitako vya maganda hayo.

Jambo hili lawahusu sana ninyi, ndugu askari wa jeshi na polisi, kwa kuwa mkulima anayegonga chuma kwa jembe huja kwenu kwanza, iwapo mnunuzi wa chuma chakavu hakuwahi kumfikia. Ikiwa ni kombora, lisiguswe wala lisiletwe kituoni. Watu waondolewe, na wataalamu wa milipuko waitwe. Shaba huoza, lakini baruti iliyo ndani yaweza kuua hata baada ya miaka 100. Ikiwa ni bunduki, nayo isidhaniwe kuwa tupu mpaka ikaguliwe na ajuaye kazi hiyo. Alama zake ziandikwe kama zilivyo, hata herufi zisizofahamika, na picha ipigwe penye rula. Msasa usitumike, wala tupa. Mwenye silaha ya magendo hufuta namba kwa tupa kwa kujua vema kwamba namba ndiyo njia ya kumrudia. Na ndiyo sababu Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 juu ya silaha ndogo ndogo ilizitaka serikali za eneo letu kuzitia silaha zao alama na kuziandikisha.

Na mahali palipookotwa pachorwe katika daftari kabla kitu hakijaondolewa, kwa hatua kutoka mti, daraja au njia iliyo karibu.